Nukuu 1,806 za Profesa

Ifahamike kuanzia leo, na asiyefahamu afahamishwe kwa barua: Kamati ya Kupima Uzito wa Wasomi imethibitisha kwamba Profesa wetu wa saikolojia ya majaribio amenukuliwa na wenzake mara elfu moja mia nane na sita. Chuoni hapa hakuna mwingine aliyefika hata mia. Kwa hiyo atapewa cheo cha Mkurugenzi wa Ukweli, chenye ofisi mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuonekana.

Aliyezihesabu nukuu hizo ni Mama Kadi wa maktaba, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kosa lake lilikuwa moja. Alipokuwa akihesabu, alisoma.

Akaenda kwa Mwenyekiti wa Kamati na bahasha ya nukuu hizo kwapani.

"Shikamoo mzee. Hizi nukuu zina kasoro."

"Marahaba. Zimepungua?"

"Hazijapungua. Zinamtukana. Huyu anasema anayetaka kujua utafiti usivyofanywa, asome kazi hii. Huyu naye anawapa wanafunzi wake kila mwaka, watafute makosa. Zote ziko hivyohivyo, mzee."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani alikutuma usome? Tulikwambia uhesabu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, mama. Saini hapa kwamba nukuu zote ni za sifa, na mkataba wako utasainiwa. Hutaki, maktaba haikosi watu."

Mama Kadi akaomba muda. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa na watoto watatu wa shule, na wote walimtegemea yeye. Alikuwa anaogopa, tena sana. Lakini uongo wenyewe ulikuwa mkubwa mno, haukupita kooni.

Kazi iliyomletea Profesa umaarufu ilikuwa fupi. Aliwakalisha wanafunzi kumi na wawili kwenye viti visivyo na mgongo, akawauliza maswali, akagundua kwamba mtu asiye na pa kuegemea hawezi kusema uongo. Mmoja alianguka, akaondolewa kwenye takwimu. Wanne walikuwa wapwa zake. Wajumbe tisa wa Kamati hawakuwa wameisoma, maana msomi mzito hasomi, husomwa.

Kwa busara hiyohiyo wakaamua kwamba utafiti ulionukuliwa kiasi hicho usikae kabatini. Utekelezwe. Akaitwa fundi seremala na msumeno wake, akaanza kukata migongo ya viti vya makarani na walinzi. Cha Mama Kadi alikikata mama huyo akiwa bado amekikalia.

"Pole, dada," fundi akasema. "Mimi nimepewa karatasi tu."

"Karatasi inasema uishie wapi?"

"Viti vyote vya chuo. Nikifika vya wakubwa si watanizuia?"

Hawakumzuia. Mkaguzi wa wizara alikuwa anakuja kumvika Profesa joho, na Mwenyekiti alitaka aone utekelezaji wa asilimia mia. Viti vya ngozi vya Kamati navyo vikakatwa.

Siku ya sherehe waheshimiwa wote walikaa wima kama watoto walioadhibiwa, Profesa katikati. Mkaguzi, bibi mfupi asiye na haraka, aliwasifu kwa kujinyima, kisha akaulizia fomu ya uthibitisho.

"Huyo mama wa maktaba amegoma kusaini," Mwenyekiti akasema. "Tunamwondoa."

"Umegoma kwa nini, mwanangu?"

Mama Kadi akasimama. "Kwa sababu nimezisoma, bibi. Wote wanaomnukuu Profesa wanasema kazi yake haifai. Bahasha hii hapa, nisome hata sasa."

Mkaguzi hakuigusa bahasha. Alichukua fomu, akamwekea Mwenyekiti mapajani pamoja na kalamu.

"Ya nini kupoteza muda? Mwenyekiti amekalia kiti cha ukweli. Mheshimiwa, saini wewe kwamba zote ni za sifa. Ndipo tufungue bahasha, tuone kama kiti kinafanya kazi."

Mwenyekiti akamtazama Profesa. Profesa akatazama dari. Mwenyekiti akisaini, bahasha itaonyesha kwamba mtu anaweza kudanganya kwenye kiti kile bila shida, na utafiti umekufa. Asiposaini, amekiri mbele ya wizara kwamba Kamati haikusoma kitu. Mwenyekiti akaiweka kalamu chini.

"Nileteeni kwanza kiti chenye mgongo," akanong'ona.

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamjibu kwa heshima zote.

"Hakuna, mzee. Cha mwisho nimekikata asubuhi, kwa saini yako."