Video Yangu ya Kahawa Zinazoelea

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo Mbinga imenitambua. Mama Walburga, meneja wetu, kanikabidhi simu ya kampuni. Kasema mafunzo ya vituo vyote vitano vya kumenyea kahawa sasa yatapita kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, kwa video. Somo la kwanza: kuchambua kahawa mbivu kwenye tangi la maji. Vituo vikielewa, napata mkataba. Visipoelewa, Ijumaa ndiyo mwisho wangu, nirudi Lipingo kuvuta nyavu na wajomba.

Mzee Hyasinti kanuna. Miaka kumi na tano anazunguka na pikipiki kufundisha watu hayo hayo. Nikampa shikamoo, nikamshauri apumzishe mgongo. Kaniita bwana mdogo, kaniuliza kahawa naijua tangu lini. Nikamjibu naijua tangu kikombeni.

Jumanne, 15 Julai

Nimepiga video. Miwani ya jua, muziki kwa mbali. Nimemwaga debe la kahawa tangini: nyingine zikazama, nyingine zikaelea.

Hapo pa kuchagua sikuhitaji kumuuliza mtu. Mimi mtoto wa ziwani. Kwetu kinachoelea kinakurudisha nyumbani, kinachozama kinaliliwa. Nikaitazama kamera, nikatamka: zinazoelea ni mabingwa, zipelekeni mashineni. Zilizozama ni mizigo, katupeni kwenye shimo la maganda.

Mzee Hyasinti akaomba aione kabla sijairusha. Nikamwambia bando halisubiri wazee.

Jumatano, 16 Julai

Watu arobaini na watatu wameitazama. Vicheko vimejaa kundini. Mpishi wa kituo cha juu kaandika kwamba tangu azaliwe hajaona mwalimu kama mimi. Nimemshukuru. Mlinzi kaomba niirudie, mkewe aione. Nimeirudia mara tatu.

Nasma wa ofisini alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, kaka Urbani, ungefika hata kidato cha tatu. Wivu. Cha pili kilinitosha.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya, ila si kwa kosa langu.

Vituo vinne vilicheka vikaendelea na mambo yao. Kituo cha bondeni, kipya, vijana wote wa msimu huu, walitii. Wametii kila neno. Magunia sita ya kahawa nzito, nyekundu, safi, shimoni. Mashineni wakapeleka zinazoelea: zilizotobolewa na wadudu, tupu ndani. Kumbe kahawa nzima ndiyo huzama. Mtu angeniambia.

Mama Walburga hakupaza sauti. Aliniuliza tu basi la Mbamba Bay, la kwetu ziwani, huondoka saa ngapi.

Mzee Hyasinti akawasha pikipiki, akaniambia panda, mwanangu, shimo halijafunikwa. Njia nzima hakunisema, na hilo ndilo lililoniuma. Tulizoa kwa mikono, mimi mpaka kiunoni kwenye maganda, inzi wakinipokea kama ndugu. Tukaziosha, tukazimwaga tena tangini. Zikazama zote, ahsante Mungu. Kufikia saa kumi na moja jioni mashine ilishazimenya.

Kijana mmoja wa pale akaomba apige picha na mwalimu. Nikajifuta uso kwanza.

Ijumaa, 18 Julai

Kikao. Nimeingia na begi limefungwa.

Mama Walburga akapiga simu vituo vyote, kimoja kimoja, akauliza zinazoelea zifanyweje. Wote wakajibu sawa: zitengwe, ni mbovu. Mpishi akajibu. Mlinzi akaongeza na sababu. Wa bondeni walijibu kabla swali halijaisha.

Mzee Hyasinti akakuna kichwa. Akakiri, mama, miaka yote hiyo nikifundisha wanasinzia, huyu kakosea siku moja tu, wilaya nzima inajua.

Nimesaini. Mkataba wa miezi mitatu, chini ya Mzee Hyasinti. Asubuhi nasugua matangi, mchana nashika simu. Video haina ruhusa ya kutoka kabla mzee hajaiona. Nasma kasema nimesamehewa. Hajui mambo ya ofisi. Mtu hapewi mzee mzima wa kumfuata nyuma kama hana cheo.

Na tayari nina video ya pili. Leo saa sita, jua kali, nimemkuta mzee wangu anaifunika kahawa iliyoanikwa vichanjani. Anaifunika, jua lote lile, na iliyobaki wazi ilishaanza kupasuka kwa kukauka vizuri. Kwetu usipa, dagaa wa ziwani, ukianikwa saa sita, saa tisa unaufunga guniani. Maskini, uzee. Sikutaka kumwaibisha kwa kumuuliza.

Nimewaeleza vituo vyote wafunue, wageuze, waache jua lifanye kazi. Dakika mbili na nusu, miwani mipya. Mzee ataiona kabla ya wengine, kama nilivyoagizwa: nimeirusha kundini, na yeye ndiye aliyekaa karibu na mnara wa simu.