Siku Wakwe Walipokutana na Roboti Zangu

Nimeaibika leo. Tena kwangu mwenyewe, tena nikiwa nimevaa tai.

Wale tuliosoma pamoja Nagoya mnanijua. Niliondoka Kaptembwo na begi moja, nikarudi na diploma ya umeme wa magari na makreti mawili ya roboti za Kijapani. Si zile za viwandani. Ni zile ndogo za kusimamisha kwenye kabati, ambazo viungo vyake vinakunjika hadi vidole. Nakuru nzima hakuna aliye nazo kama mimi. (Nimeuliza.) Na mtu akiziita midoli, hatuongei tena.

Sasa leo jamaa za mchumba wangu, Wanjiku, walikuja kwangu Lanet kuona nyumba atakayoishi binti yao. Mnajua desturi. Wakiridhika, mipango ya mahari inaendelea. Wasiporidhika, wanakunywa chai, wanashukuru, na binti anarudi nao. Walikuja wenye uzito wawili: Mzee, baba yake, na shangazi yake, mama wa maombi kutoka Olenguruone ambaye akikohoa ukoo wote unanyamaza.

Wanjiku alikuwa amenionya asubuhi kwa simu. "Kim, tafadhali, ficha hizo vitu kwa stoa."

Nifiche! Kwani mtu huficha diploma?

Badala ya kuzificha nilizipanga upya. Nyumba ni mpya na bado ilinuka rangi, kwa hivyo nikachoma vijiti vya ubani nilivyorudi navyo. Nikawasha taa ndogo ndani ya kabati ili zing'ae. Machungwa ya wageni yalikosa nafasi mezani kwa sababu ya chapati, nikayaweka kwenye sahani mbele ya ile roboti kubwa. (Sasa naona. Wakati ule sikuona kitu.)

Wakafika, Wanjiku akiwa nyuma yao. Nikawapokea mlangoni kwa kuinama kidogo, kistaarabu. "Karibuni sana. Ila kwangu tunavua viatu."

Mzee akatazama buti zake. "Ziko na matope?"

"Hapana, Mzee. Ni heshima tu."

"Heshima ya nani?" akauliza Shangazi.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Wakavua. Soksi ya Mzee ilikuwa na dirisha, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia. Wakaingia, wakanusa ubani, wakaona ile taa na yale machungwa. Shangazi akasimama hapo hapo. "Na hizi ni nini?"

Ningesema "roboti" mambo yangeisha. Lakini nilitaka Kiswahili kizito, cha mtu aliyesoma.

"Hizi, Shangazi, ni sanamu zangu."

"Sanamu."

"Ndiyo! Na huyu wa katikati ndiye mkubwa wao."

Nyuma yao, Wanjiku akajipitisha kidole shingoni. Nilidhani anawashwa.

"Na zinataka nini kwako?" Shangazi akauliza, polepole.

Nikafurahi. Hatimaye mtu anayependa kujifunza! "Hazitaki mengi. Nazipangusa kila asubuhi kabla sijaonja chai. Hazishikwi ovyo. Na Wanjiku akihamia hapa, nitamfundisha majina yao yote."

"Ashindwe!"

Sikuelewa ni nani ashindwe mpaka nilipoona Shangazi amechomoa chupa ya mafuta ya maombi kwenye mkoba. Akafungua kabati. Akaanza kukemea mapepo kwa sauti iliyotikisa vikombe, huku akimimina mafuta juu ya kichwa cha ile kubwa.

Jamani! Mafuta! Kwenye viungo! Kwenye rangi ya kiwandani ambayo haijawahi hata kuguswa na jua! Niliruka meza. Nikapiga magoti mbele ya kabati, nikaikumbatia, nikaanza kuipangusa kwa tai nikisema, "Nisamehe, Mkubwa! Nisamehe!"

Nilipogeuka, Mzee alikuwa tayari amevaa buti moja.

"Wanjiku, chukua kibeti. Tunaenda."

Wanjiku hakusogea. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Kim, waambie ni nini."

"Ni mkusanyo wa kitaalamu wa..."

"Kim!"

Mzee akainua ile buti ya pili. "Kijana, nitauliza mara moja. Hiki kitu unakiabudu ama unakichezea?"

Hebu nisaidieni. Hakuna jibu la tatu! Nikikataa la pili, mimi ni mpagani na mke sina. Nikilikubali, mimi ni mwanamume mzima, mwenye ndevu, mwenye nyumba... Nikamtazama Wanjiku.

"Nakichezea, Mzee."

"Sijasikia."

"Ni midoli! Mimi hucheza na midoli!"

Dirisha lilikuwa wazi. Fundi aliyekuwa juu ya paa la jirani akaacha kugonga misumari.

Shangazi akafunga chupa. Uso wake ukalainika, akanishika bega. "Woi, maskini. Kwani hukununuliwa ukiwa mdogo?"

(Sikununuliwa. Lakini hiyo si hoja.)

Mzee akavua buti. Akaichukua ile roboti inayoteleza kwa mafuta, akaigeuzageuza, akabonyeza kifua. Ngumi ya kulia ikafyatuka, ikapita juu ya chapati, ikazama kwenye bakuli la mchuzi. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Na hii ingine hufanya nini?"

Walikunywa chai, wakala, wakaridhika. Mahari tutazungumza mwezi ujao. Wakati wa kuaga Shangazi aliniombea kwa bidii, mkono kichwani. Hakuomba niache miungu. Aliomba nikue. Wanjiku ndiye aliyeitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi mjini, nawaandikia, tai imeharibika kabisa. Anayetaka kucheka acheke, ila ajue kwamba kadi za harusi bado sijaziandika majina.