Kitengo cha Miaka Iliyobaki

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Milki ya Ravenscombe, inayomiliki ardhi chini ya majengo kumi na manne ya kusini mwa London, imetimiza mwaka wa tano mfululizo bila kujibu barua hata moja. Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Ni matunda ya Kitengo cha Miaka Iliyobaki, ambacho mimi, Nigel Tapscott, ndiye Kaimu Naibu Mratibu Mwandamizi wake.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Mtu akinunua fleti kwetu hanunui matofali wala sakafu. Ananunua miaka. Miaka ikiisha, fleti inarudi kwetu, pamoja na bafu alilolibadilisha na jiko aliloliweka. Yeye akilala, miaka inapungua. Sisi tukilala, miaka inapungua. Tofauti ni kwamba sisi tunalala usingizi mzuri zaidi.

Kwa bahati mbaya, sheria inamruhusu mwenye fleti kuomba aongezewe miaka tisini. Analeta notisi na kutaja bei anayotaka kulipa, nasi tunapewa miezi miwili ya kumjibu. Hapo ndipo nilipobuni Kabati la Kukomazia. Kila notisi inaingia kabatini na haifunguliwi. Mwombaji akiuliza, tunamwambia barua yake haikufika, aanze upya. Wengi huomba radhi kwa usumbufu waliotusababishia, wakaanza upya, wakachoka, wakakubali bei yetu.

Mwezi wa pili akaja Bi Doreen Pargeter wa Jengo la Ferncliffe, fleti namba 31, ghorofa ya tatu. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na lifti ya Ferncliffe ilikuwa imechoka kabla yake. Alitaka kuuza fleti ahamie Margate, karibu na binti yake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Wanunuzi watatu walikuja, wote watatu wakakimbia. Fleti yake ilibakiwa na miaka sitini na mmoja, na benki zilikataa kumkopesha mtu kwa miaka michache hivyo.

"Mwanangu, nimekuja na notisi yangu," alisema, akijishika kwenye meza.

"Karibu, Bi Pargeter. Iache kwenye trei, itaingia kwenye mchakato."

"Mchakato gani? Mara ya kwanza mlisema haikufika. Mara ya pili mkasema haikufika. Leo posta ni mimi mwenyewe."

"Bi Pargeter, mifumo ya mawasiliano ina changamoto zake."

"Usinizungushe! Nimekaa nyuma ya kaunta ya posta miaka ishirini na tisa. Changamoto naijua kwa sura, na leo imevaa tai."

Nilitabasamu kwa mujibu wa mwongozo. Yeye akawa anautazama muhuri wangu.

"Huo ni mpya?"

"Umefika Jumatatu. Tarehe inajibadilisha yenyewe."

"Hee! Siku zetu tulikuwa tunazungusha kwa kidole. Hebu nione unavyofanya kazi. Gonga hapa, kwenye nakala yangu."

Niligonga. Wino ulikolea vizuri sana, nikagonga tena.

"Kazi safi! Na saini je? Na cheo, baba, kiandike chote. Usijibanie."

Niliandika cheo chote. Kilichukua mistari miwili. Akaikunja nakala, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake bila hata kuomba radhi. Notisi yenyewe niliiweka kabatini, rafu ya juu.

Tofauti na wengine, hakupiga simu hata mara moja. Wiki ya sita niliandika kwenye ripoti kwamba mwombaji anakomaa kwa kasi ya kuridhisha. Wiki ya kumi nikaitwa na mwenye Milki, Mheshimiwa Auberon Ravenscombe. Alikuwa ameshika karatasi ya mahakama kwa ncha za vidole.

"Tapscott, hawa wanasema nini?"

"Wanasema, mheshimiwa, kwamba asipojibiwa ndani ya miezi miwili, anaweza kupewa miaka yake kwa bei aliyoitaja yeye."

"Ametaja bei gani?"

"Hatujui, mheshimiwa. Barua haijakomaa."

"Ifungue, zuzu wee!"

Niliifungua. Sisi tulikuwa tumepanga kumtajia pauni elfu arobaini na nne. Yeye alikuwa ameandika elfu mbili, kwa mwandiko wa posta unaosomeka vizuri mno.

Mahakamani wakili wetu alieleza, kwa ufasaha uliotugharimu, kwamba barua haikutufikia. Bi Pargeter akatoa nakala yake. Jaji akautazama muhuri wa kwanza, akautazama wa pili, kisha akasoma cheo changu kwa sauti. Alipumzika katikati.

"Hiki ni cheo cha kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa," nilijibu. "Kina hata kadi zake."

Akampa miaka tisini kwa pauni elfu mbili. Kuhusu kodi ya ardhi, sheria inasema mtu aliyeongezewa miaka atalipa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na hiyo ni pale tu mwenye ardhi atakapoidai. Kwa karne nyingi hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuidai.

"Sisi tutaidai," alisema Mheshimiwa Auberon. "Bei tumepoteza, heshima hatupotezi. Nenda kaichukue."

Nilipofika Ferncliffe, lori la kuhamisha vyombo lilikuwa mlangoni na maboksi yamejaa ngazini. Bi Pargeter alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho kilichobaki, akinywa chai. Mnunuzi alikuwa amepatikana ndani ya wiki moja. Nilimsomea dai letu nikiwa nimesimama wima.

"Mnataka punje?" aliuliza. "Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

"Maskini. Nzima zote zimeshaingia kwenye boksi. Nina ya unga tu, niliyobakiza kwa ajili ya mayai." Akamimina kwenye bahasha, akailamba, akaifunga. "Humo imezidi punje moja. Chenji baki nayo, mwanangu."

Bodi iliitishwa kwa dharura, wajumbe tisa. Tulijadili saa mbili iwapo unga unaweza kuhesabiwa kuwa punje, na kama hauwezi, iwapo tunaweza kuishtaki Margate. Hatimaye Mheshimiwa Auberon akasema ataikagua kodi yake mwenyewe. Akaifungua bahasha, akainama, akaivuta karibu na pua.

Akapiga chafya.

Kodi ya mwaka mzima ikatawanyika kwenye zulia. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kupiga magoti, nasi tukamfuata kwa mpangilio wa vyeo. Mpaka naandika taarifa hii, bado tunaitafuta.