Kasuku Usoni mwa Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Septemba
Video ya harusi ya shemeji yangu Melvin itaonyeshwa Jumapili, wakwe wote wakiwepo. Niliahidi kuitengeneza mimi. Tatizo: programu yangu ni ya majaribio, na inabandika kasuku wa kijani, nembo ya kampuni, katikati ya picha. Yaani usoni mwa Aketch, bibi harusi! Lakini kampuni inagawa programu kamili bure. Droo ni Alhamisi. Kila rafiki utakayemsajili, naye anaingia kwenye droo, na akishinda si atanipa mimi? Jirani Wakhungu, ambaye alinunua yake, amejitolea kunisaidia. Nimemwambia sinunui wala siazimi kinachogawiwa.

Jumanne, 9 Septemba
Ploti nzima, wapangaji wote wa hapa Noonkopir, imekataa kusajiliwa. Eti niliwaingiza kwenye zawadi ya magodoro mwaka jana na mpaka leo wanapigiwa simu. Wivu tu.
Koinet, anayetuletea maziwa kutoka Kisaju, alinihurumia. Akasema yeye ana marafiki wengi, ila wote wana miguu minne. Nikaruka! Fomu inataka jina na namba ya simu tu. Nimewasajili ng'ombe wake wote. Naibor, yule mweupe: kazi, mama wa nyumbani. Namba ya simu, ya Koinet. Alisema niandike tu, yeye hata simu za watu hapokei.

Alhamisi, 11 Septemba
Matokeo! Mimi, hapana. Naibor ameshinda! Nikapiga kelele jina lake mpaka sufuria ikaanguka. Mke wangu Caren akauliza Naibor ni nani. Nikasema ni ng'ombe. Akasema hata kama tumekosana naye, nisimtukane mwanamke mwenzake.
Nimelala kwenye kochi. Mshindi halalamiki.

Ijumaa, 12 Septemba
Kisaju, asubuhi na mapema. Namba ya kufungulia programu ilitumwa kwa simu ya Koinet. Akanikaribisha chai, akauliza kwa upole: Naibor akizaa, ndama ni wa nani? Nikasema ni wako, mzee. Akasema basi. Nikamweleza kwamba programu si ndama. Akauliza kama imetoka kwa Naibor au haikutoka.
Kumbe namba alishampa binti yake, Naisula, anayesoma chuo, naye ameshaitumia. Na ile namba inafungua kompyuta moja tu! Nimepewa lita mbili za maziwa kwa kazi ya kumsajili Naibor.
Wakhungu ameuliza tena kama nataka msaada. Nimemjibu kwamba kila kitu kiko sawa.

Jumapili, 14 Septemba
Kasuku alikaa usoni mwa Aketch tangu viapo hadi keki. Baba yake akasimama, akauliza huyu ndege ni wa nani na amealikwa na upande gani. Wote wakanitazama. Melvin akanishika bega: "Shemeji, si ungesema tu?" Aketch hakunishika popote. Wakhungu ameombwa airudie video yote. Alikubali kwa unyenyekevu wa kuudhi sana.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimetafakari kwa makini. Kosa nimeliona: nilisajili mifugo ya mtu mwingine.
Kuna kampuni nyingine inagawa programu ya kurembesha picha. Nimeshawaambia kina Aketch kwamba nitawatengenezea albamu mpya, ya kuomba msamaha. Leo nimesajili kuku sita, wa hapa hapa nyumbani. Namba ya simu nimeweka ya Caren, kwa kuwa kuku ni wake.