Vita vya Shemeji na Mashine Iliyogoma Kuamka

Sogeeni, enyi wenye masikio na nafasi ya kukaa! Ufagio na ulale, sufuria na ifunikwe, mwenye simu na aigeuze kifudifudi, maana habari ninayoileta haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulia jinsi Shemeji, Jemedari wa Bisibisi, mume wa dada yangu na mlaji mashuhuri wa nyumba yetu, alivyopiga magoti chini ya meza ya kukatia nguo akapambana na kompyuta kongwe ya mama yangu mpaka ikasalimu amri. Wapo watakaosema ni jambo dogo. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshika tochi, na bega linaniuma hadi leo.

Ijulikane kwanza kwamba mama yangu ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake. Enzi za marehemu baba, kazi ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Mama alizungusha futi mwilini mwa mteja akataja namba; Baba, aliyekaa mbele ya kompyuta, alizirudia kwa sauti kwenye maiki, nayo kompyuta ikazihifadhi. Walifanya hivyo kwa sababu mwandiko wa Mama hata mwenyewe hausomi, na wa Baba ulikuwa mbaya zaidi. Kila mteja alikuwa na sauti yake mle ndani, na mwishoni Baba hakukosa kuongeza neno: huyu hapendi mikono mirefu, huyu anasema atapungua, msimsadiki.

Baba alipofariki, Mama hakumpima tena mteja yeyote wa zamani. Mteja akileta kitambaa, Mama hubonyeza jina lake, sauti ya Baba ikataja kifua na kiuno, naye hukata huku akiitikia, "Haya," na, "Nimekusikia." Wateja wamenenepa, wengine wamekonda, nguo zinarudi kupanuliwa na kupunguzwa, lakini Mama hasikii la mtu. Diski ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo mumewe bado yuko kazini, na sote tulilijua hilo bila kuambiana.

Kwa hiyo ikawekwa sheria, na sheria hiyo ilikuwa kali kuliko za bunge: kompyuta haizimwi. Inalazwa tu, kioo kikawa cheusi, asubuhi inaguswa ikaamka. Umeme wa mtaa ulipokatika, betri ya akiba iliyo chini ya meza ilishika zamu. Ikapita miaka bila mashine ile kuzimwa hata mara moja, kwa hofu kwamba ikilala usingizi wa kweli haitaamka.

Sasa basi! Alasiri moja ya joto akaingia Mkunga, mteja wa tangu zamani, akiwa na kitambaa cha zambarau kwapani na machozi karibu. Kesho yake alikuwa anaagwa kazini baada ya utumishi wake mrefu, na fundi mwingine aliyemwamini alikuwa amemharibia gauni. Mama akamwambia akae, atapata. Akachukua pasi anyooshe kitambaa, akakuta soketi ya ukutani imelegea. Na katika haraka ile, yeye mwenyewe, mtunga sheria na mlinzi wa sheria, akaichomeka pasi kwenye betri ya akiba.

Betri ikapiga yowe refu, kisha kompyuta, feni na pasi vikala jiwe kwa pamoja. Mama akachomoa pasi, akawasha upya. Feni ikazunguka. Kompyuta ikaguna, ikawaka, halafu katika kioo cheusi kama chungu yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza kikavu, yanayosema kwamba hakuna cha kuwashia hapa, leteni diski inayofaa.

Mama akaketi juu ya marobota ya vitambaa. "Amenyamaza," akasema.

"Fundi, si unipime tu?" Mkunga akauliza kwa upole. "Mwili ninao hapa."

"Vipimo vyako anavyo mwenyewe," Mama akajibu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyempigia mumewe simu. Na tazameni, Shemeji akaja! Akaja kutoka ghala la vinywaji anakofanya ukarani, shati limemganda mgongoni, mkobani amebeba bisibisi, brashi ya kupakia rangi, na CD ya Windows iliyovikwa soksi isikwaruzike. Mama alimtazama bila furaha. Shemeji huyuhuyu ndiye aliyewahi kumtengenezea redio, zikabaki skrubu mkononi, na tangu siku hiyo redio inashika kituo kimoja tu, tena cha matangazo ya vifo.

Akasimama katikati ya duka, akainua bisibisi juu. "Ewe mashine mkongwe!" akanena. "Umewasumbua wanawake hawa wakarimu ukidhani hawana mtetezi. Leo umekutana na mimi, niliyewafufua wenzako pale ghalani wakiwa wameshaandaliwa kutupwa. Fungua kinywa chako kwa hiari, au—"

"Bwana, usiigombeze," Mama akasema. "Ifungue."

Shemeji akashika adabu, akapiga magoti. Akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika boksi, akalivuta kutoka ukutani, akachomoa mikia yake ya nyuma, wa kioo, wa kibodi na wa maiki. Akaacha tu kidude kimoja cheusi alichodhani ni kizibo cha kiwandani. Akafungua ubavu. Loo, wenzangu! Mle ndani mlikuwa na nyuzi za rangi zote, uzi wa sare za shule umelala juu ya uzi wa magauni ya harusi, na sindano moja ambayo Mama alikuwa amenisingizia mimi kuipoteza. Nikaidai heshima yangu papo hapo. Nikaambiwa nishike tochi vizuri.

Jemedari akaanza vita. Alifagia kwa brashi vumbi likapaa, Mkunga akapiga chafya, dada yangu akapiga chafya, naye mwenyewe akapiga chafya iliyomgongesha kichwa kwenye meza. Akachomoa waya wa diski akaufuta, akaurudisha kwa nguvu. Akarudisha mikia, akawasha. Maandishi yaleyale. Akabadilisha waya, akauhamishia tundu la jirani, akawasha. Maandishi yaleyale, na sasa nikaanza kuhisi yanatucheka.

Hapo akatenda jambo ambalo mashujaa hutenda wakizidiwa: akampigia rafiki yake, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, akaweka spika ili mikono ibaki huru.

"Kaka, usijisumbue," sauti ikajaa dukani. "Mfumo umeoza huo. Unayo CD? Piga Windows upya. Futa kila kitu, anza safi."

Shemeji akaikata simu upesi, lakini maneno yalikuwa yameshasikika. CD ilikuwa mkononi mwake, imetoka kwenye soksi. Mama akainuka kutoka kwenye marobota, akaja akasimama kati yake na mashine.

"Nisikilize, bwana," akasema, na hakupaza sauti. "Kompyuta ikifa tutanunua nyingine, au tutakaa bila. Lakini humo ndani yumo mtu. Ukimfuta sitakulaani, wewe ni mume wa mwanangu. Ila sidhani kama nitaweza kukuangalia tena."

Shemeji akaitazama CD. Najua alivyotamani, maana njia ilikuwa fupi, na jioni angeweza kujisifu kwamba mashine imewaka. Kisha akaivalisha CD soksi yake, polepole, akaitia mkobani akafunga zipu. Mimi ambaye kazi yangu katika ukoo huu ni kumcheka shemeji yangu, sikucheka. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote.

"Zimeni feni," akasema. "Nataka kusikiliza."

Akajilaza kifudifudi sakafuni, akawasha mashine, akatega sikio kwenye diski. Akasikiliza kwa muda, uso ukiwa na mashaka. Ndipo Mkunga, ambaye alikuwa amechoka kukaa kama mgonjwa, akavua viatu, akapiga magoti, akamsogeza Shemeji kwa kiwiko kama anavyowasogeza akina baba wodini.

"Pisha," akasema. "Hii ni kazi yangu."

Akaweka sikio.

"Inazunguka sawasawa," akatangaza. "Haikwaruzi, hairukiruki. Huyu mzima."

Mama akashika mdomo kwa kiganja.

"Kama yu mzima," Shemeji akanguruma, na ari ikamrudia yote, "basi kwa nini haitwi? Nani aliyesimama mlangoni? Nitaingia katika ngome yenyewe nimwone!" Akazima, akawasha, akakibonyeza kitufe cha mipangilio mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua, mpaka kioo kikageuka bluu. Tukajazana nyuma yake.

Tarehe iliyosomeka pale ilikuwa ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado nanyonya. "Betri ya ubao imekufa," akasema, akatuonyesha kile kidude cha duara, mfano wa sarafu, kinachoshika kumbukumbu ya mashine. "Imekufa zamani. Hamkujua kwa sababu hamkuwahi kuzima. Leo umeme umekatika, ikasahau saa, ikasahau na zamu zake, kipi kiulizwe kwanza ikiwaka." Akashuka chini zaidi, na hapo akapiga ukelele. Diski ilikuwa imeandikwa pale, jina lake na ukubwa wake, salama salimini. "Inaonekana! Imo! Ila mashine haianzii kwake. Inaanzia kwenye flashi."

Akageuka. "Flashi ipi?"

Dada yangu akanitazama, nikatikisa kichwa. Mama akakohoa kidogo.

"Labda ile ya nyuma," akasema.

Shemeji akaligeuza boksi. Mama akanyoosha kidole, na kidole kikaelekea kile kizibo cheusi cha kiwandani. Nikamulika. Hakikuwa kizibo. Ilikuwa flashi, imevikwa koti la kitambaa cheusi, limeshonwa kwa mkono, pindo safi, kishono hakionekani.

"Niliishonea isiingie vumbi," Mama akaeleza.

"Ya nini, Mama?"

"Huyu mkeo aliniambia sauti za baba yao ziwekewe nakala kwenye flashi, zisije zikapotea. Nikaichomeka." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani hainyonyi yenyewe?"

Dada yangu akaitazama dari. Mkunga akajifanya anatafuta viatu. Na mimi nikaelewa jambo lote: mlinzi aliyewekwa kumlinda Baba ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, hajui anamlinda nani, na mashine ikimuuliza anajibu kwamba hapa hapana kitu. Mashine ikamwamini, haikwenda kuuliza mlango wa pili.

Basi enyi msikilizao, sasa nyamazeni kabisa, maana tendo lenyewe limefika! Shemeji, mwana wa mama aliyezaa, mshinda vumbi, aliyekataa njia fupi, akajipangusa jasho kwa mkono wa shati; akanyoosha mkono wake wa kulia uliozoea makreti ya soda; akakishika kile kidude kwa vidole viwili, akapiga moyo konde, akavuta. Kikatoka. Hakikupinga hata kidogo. Akaiweka flashi na koti lake kiganjani mwa Mama, akaizima mashine, akabonyeza tena kitufe cha kuwasha.

Mashine ikaguna. Kioo kikawa cheusi, kikadumu cheusi mpaka dada yangu akanibana mkono. Kisha ikatokea nembo ya Windows na kile kimstari kinachotembea, kikaenda na kurudi, na hatimaye ukapigwa ule mlio wa kukaribisha ambao hatukuwa tumeusikia tangu Baba yu hai.

Mama hakusubiri. Akainama mbele yetu sote, akatafuta jina, akabonyeza. Na Baba akasema, kwa sauti yake ya kukwaruza, bila haraka:

"Mkunga. Bega kumi na tano. Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane. Huyu ndiye aliyetuzalishia watoto wote. Msimcheleweshee nguo."

"Haya," Mama akasema. "Nimekusikia." Na machozi yakamtoka bila kujificha.

Mkunga naye alikuwa analia, lakini anacheka pia. "Ishirini na nane!" akasema akijishika ubavu. "Jamani, kiuno hicho nilikuwa nacho kweli? Fundi, nakuomba. Leo hata mkono wangu hauingii humo."

Tukacheka mpaka duka likatikisika. Shemeji, akiwa bado sakafuni, akaichomeka tena flashi, akanakili sauti zote, akatuonyesha zikihama moja baada ya nyingine, akairudisha diski kwenye zamu ya kwanza, na akaapa kuleta betri mpya kesho. Mama akaipokea flashi iliyojaa, akaitia kifuani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba: akavuta futi shingoni, akamwangalia Mkunga kuanzia juu mpaka chini.

"Simama," akasema. "Nikupime."

Na iandikwe basi, na wajukuu wasomewe, kwamba alasiri ile ya joto, Shemeji aling'oa flashi tupu kwenye tundu lake, na kwa mng'oo huo nyumba yetu ikaokoka. Falme zimejisifia kwa machache zaidi. Nami ningeishia hapo, ila Mama, futi ikiwa tayari kifuani pa Mkunga, aligeuka akatutafuta kwa macho. Alinipita mimi. Alimpita dada yangu.

"Kaa kwenye maiki," akamwambia Shemeji. "Nikitaja, wewe sema."

Shemeji akakaa. Akajipangusa vumbi, akanyoosha mgongo, akasogeza maiki karibu na mdomo, akasafisha koo.

"Enyi vizazi vijavyo!" akaanza.

"Kifua, mwanangu," Mama akasema. "Sema kifua tu."