Malalamiko Dhidi ya Wanafunzi Waliokubali Kuwa Wahandisi

Mwalimu Mkuu Mpendwa,

KUHUSU: WANAFUNZI WAKO KUUPENDA UHANDISI KUPITA KIASI

Nakusalimu kwa heshima, wewe na walimu wote, pamoja na yule mlinzi wa getini aliyenicheka. Mimi ndiye mhandisi wa madaraja mliyemwalika kwenye Siku ya Kazi, aje awavutie wanafunzi waipende fani yake. Vilevile ni mzazi. Kitindamimba wangu yuko kidato cha pili hapo kwako, na Ijumaa hii anachagua kama ataendelea na Fizikia au ataiacha. Naandika kulalamika kwamba wanafunzi wamevutika. Naomba warudishwe kama walivyokuwa.

Utasema nilialikwa kwa kazi hiyohiyo. Ni kweli, lakini mgeni akikaribishwa chakula hategemei kupewa na sufuria yenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinipanga baada ya rubani. Bwana yule alikuja na kofia, na kofia peke yake ilitosha. Kabla yake alipita daktari na koti lake jeupe. Mimi nilivaa shati la mikono mifupi lenye kalamu mfukoni, na kalamu moja ilikuwa imevuja. Heshima yangu yote ilitegemea daraja.

2. Habari ya daraja lazima niieleze mwenyewe, maana najua imeshafika ofisi ya walimu ikiwa imetiwa chumvi. Tangu mlipotuma mwaliko nilikuwa najenga sebuleni mfano wa daraja la mbao, lenye nguzo, matao na vizuizi vya pembeni. Nilikokotoa uzito wa wanafunzi watakaosimama juu yake. Nilikokotoa na upepo, ingawa ukumbi wenu una madirisha ya vioo. Kila jibu nililizidisha mara mbili, kama tulivyofundishwa, ili hata akipanda mwalimu wa michezo lisitikisike. Siku yenyewe ilipofika, mimi, shemeji yangu na jirani tukalinyanyua kwa shangwe hadi mlangoni.

Mlango sikuupima. Tulijaribu kulisimamisha, tukajaribu kulilaza ubavu, shemeji akajaribu matusi. Mama watoto akatoka jikoni, akatutazama, akasema, "Baba watoto, si wewe huwa unawapimia watu mito?" Kisha akarudi jikoni. Mganga hajigangi, Mwalimu.

3. Kwa hiyo nilisimama mbele ya wanafunzi mikono mitupu. Nilikuwa na hotuba nzuri inayoanza na "Ukiona vyaelea vimeundwa", lakini msichana wa mstari wa mbele aliniwahi, akauliza daraja liko wapi, kwa sababu tangazo lilisema litakuwepo. Nikasema ukweli. Ukumbi ulicheka mpaka rubani akavua kofia ajifute machozi. Walipotulia ndipo balaa lilipoanza: mikono ikanyooshwa. Mmoja aliuliza kwa nini sikulijenga kwa vipande vinavyofunguka. Mwingine akasema lipitishwe dirishani. Wa tatu akataka kujua upana wa dirisha, nami sikuujua pia. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wakachukua chaki bila ruhusa, wakaujaza ubao, na kengele ilipolia hawakutoka. Ilikuwa kengele ya chakula! Sijawahi kuona mwanafunzi anayeidharau kengele ya chakula, na nashangaa uongozi wa shule uliiachia hali ile.

4. Nilijitahidi kuwakatisha tamaa. Niliwaeleza habari za matope, viatu vizito, na vikao vya kujadili mchanga. Niliwaambia daktari akiponya mtu hushukuriwa na ukoo mzima, lakini daraja likisimama imara hakuna anayeuliza aliyelijenga. Likianguka, jina lako litajulikana hata kwa watoto wachanga. Hapo nilitegemea waogope. Kijana mmoja aliyekuwa akisinzia nyuma akaamka, akasema, "Kumbe ukifanya vizuri unaachwa upumzike! Mimi nimeshapata kazi yangu." Wenzake wakampigia makofi.

5. Madhara sasa yamefika mtaani. Kundi la wanafunzi wako lilikuja nyumbani kwangu na futi kamba kuupima mlango. Walipomaliza mlango wakapima na kila kitu kingine. Mama mkwe wangu alikuwa amejikalia kwenye kiti nilichomtengenezea, wakamsalimia vizuri, wakamwomba wajue uzito wake. Hajanisemesha tangu hapo, kana kwamba niliwatuma mimi. Kisha wakaenda dukani kwa jirani, wakamwambia rafu yake ya sabuni itaanguka. Akawafukuza. Rafu ikaanguka. Sasa muuza duka akiwa na swali la ujenzi anawangoja watoke shule, na mimi akiniona ananiuliza tu kama nataka sabuni.

Tukiliachia jambo hili, Mwalimu, fikiria litakapotufikisha. Kizazi kizima kitakuwa cha wahandisi. Hatutakuwa na mahakimu wala vinyozi. Tutakuwa na madaraja kila mahali, na hakuna mtu wa kupita juu, kwa sababu wote watakuwa chini wanakagua nguzo.

6. Mwanangu. Kabla ya siku ile aliniomba nisiseme hadharani kwamba mimi ni baba yake, nami nilikubali. Tuliishi kwa amani. Mimi na mama yake tulishaafikiana awe daktari, na yeye alinyamaza tukachukulia kimya chake ni ndiyo. Sasa anawaambia watu wote kuwa yule wa daraja ni baba yake, na kuwa yeye atakuwa kama mimi, ila atapima mlango. Najua wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini hawakumuuliza nyoka kama anaipenda kazi yake.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa barua haioni haya. Mvua ikinyesha, watu wengine hulala vizuri. Mimi nawaza kalvati zangu za kupitisha maji chini ya barabara: kama maji yanapita, kama kuna gogo limeziba, kama kuna mtoto anavuka. Sijaifurahia mvua tangu nilipohitimu. Naogopa kumwachia binti yangu woga huo, na hapa sina hesabu ya kuzidisha mara mbili ili imlinde.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: rubani aitwe tena, na kofia, mwalimu wa Fizikia apunguze kueleweka, na Ijumaa mwanangu akichagua Fizikia, aambiwe imekwisha.

Nisalimie walimu wote, mwalimu wa michezo akiwemo, ambaye simfahamu na nilimtaja kwa heshima tu. Mpe pole mpishi wa shule kwa chakula kilichopoa. Mama watoto anakusalimu akiwa jikoni. Shemeji naye anakusalimu, ingawa mgongo bado unamuuma.

Nabaki mzazi wako mtiifu, anayeingia sebuleni kwake kwa kuinama chini ya daraja,

Mhandisi
(mtaani wananiita Bwana Zidisha)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaibandika bahasha mwanangu alipokuja na karatasi. Alikuwa amechora paa la banda la baiskeli hapo shuleni. Akaweka kidole kwenye boriti moja, akauliza, "Baba, uzito wa hapa unashuka kupitia wapi?" Mwalimu, nimeoa, nimezaa, nimekaa na ndugu wa pande zote mbili, na hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimjibu mpaka chai ikapoa. Kila nilipojibu, akauliza jingine. Bahasha nimeichana ili niongeze haya, na yale ya juu uyasahau yote. Tafadhali mwandikishe Fizikia. Kama darasa limejaa, dawati lake nitalitengeneza mwenyewe.