Mvua ya Januari Yemen

Jumatatu, 12 Mei

Mazoezi ya utetezi leo. Nilijua nitang'ara, na niling'ara. Tasnifu yangu: miaka arobaini ya ukame na unyevu wa udongo, Yemen na Namibia. Nchi mbili kame, setelaiti moja, mimi mmoja. Hitimisho limewaacha wenzangu midomo wazi: udongo wa Yemen una maji mengi kuliko wa Morogoro, na unazidi kulowa!

Misbah Rahemtulla akanyoosha mkono. Nilijua tu. Tangu tuanze chuo, Misbah hawezi kuniona nimesimama mbele bila kunitafutia ganda la ndizi la kukanyaga. Akauliza, kwa upole wa mtu anayenoa kisu, mbona kwenye Yemen yangu mvua kubwa inanyesha Januari. Sikupepesa macho. Nikasema ni mabadiliko ya tabianchi. Wakapiga makofi! Misbah akaketi, akaandika kitu. Ushindi.

Jioni nikafungua ramani niipake rangi. Sikuwahi kuitazama, mie ni mtu wa grafu, ramani ni mapambo. Yemen yangu ina bahari pande zote. Nikainamisha kichwa hadi shingo ikalia.

Madagaska. Imesimama kichwa chini.

Faili la setelaiti linahesabu kutoka kusini, nami nimelisoma kutoka kaskazini. Dunia nzima nimeipindua! Namibia yangu ni jangwa la Libya. Utetezi ni Alhamisi. Anayeukosa husubiri mwaka mzima. Misbah atavaa joho, mie nitakaa kwenye viti vya wageni nikimpigia vigelegele.

Jumanne, 13 Mei

Mpango: kuugua. Kwa nini nisirekebishe tu? Kwa sababu kurekebisha ni kukiri, na nikikiri, Misbah atajua kabla ya adhuhuri. Nikampigia msimamizi wangu, Daktari Genoveva. Nikamwamkia kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Nikasema homa imenilaza, pengine utetezi wangu usogezwe kidogo. Akasema pole sana mwanangu, pumzika. Nikapumzika. Raha!

Nilisahau jambo moja: mgonjwa hutazamwa. Alasiri hodi ikapigwa hapa kwetu Tandika. Daktari Genoveva na Misbah, viatu vimejaa tope la masika, Misbah kabeba mfuko wa machungwa. Nilikuwa sebuleni nakula pilau. Nikakimbilia kitandani, kijiko mkononi. Bibi yangu Reem akawakaribisha kwa furaha, akawaambia mgonjwa kapona, kamaliza sahani mbili na ya tatu anaimalizia, dua zimejibiwa. Daktari akashukuru Mungu. Basi Alhamisi iko palepale.

Halafu Misbah, huku akimmenyea Bibi chungwa, akamwambia mjukuu wake amegundua Yemen inageuka kijani. Bibi akatokwa na machozi. Baba yake aliondoka Hadhramaut, huko huko Yemen, kwa sababu ya ukame. Akasema maskini baba, laiti angevumilia. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani kaja kutupongeza kwa mvua.

Wakati wa kuaga Misbah akainama, eti ananitengenezea shuka, akaninong'oneza kama nina uhakika na ile Januari. Nikageukia ukuta. Amejua! Anataka kunimaliza taratibu.

Jumatano, 14 Mei

Mpango wa pili, bora zaidi. Takwimu zikigoma kuwa za nchi zako, badili nchi! Nikaenda kwa Daktari Genoveva asubuhi, nikamwambia usiku nimefunuliwa kitaaluma: tasnifu iwe ya Libya na Madagaska. Akavua miwani. Akakumbusha kwamba tunalinganisha nchi kame, na Madagaska ina misitu. Akauliza kama homa imerudi. Nikasema imerudi.

Nje, Misbah ananisubiri. Nikakaza mwendo. Akakaza. Akanikamata kwenye ngazi, kwa ncha ya mtandio. Nikamwambia haya, nenda kawaambie, umeshinda.

Akaangua kilio. "Hayat, Botswana yangu haijanyeshewa miaka arobaini! Hata tone!"

Ikabidi nimwulize mara mbili. Ile programu yangu ya kusomea faili, Misbah aliichukua kwangu mwaka jana. Na yeye kapindua dunia! Botswana yake iko katikati ya Sahara. Swali lake la Januari halikuwa ganda la ndizi. Alitaka kujua kama nami nimeharibikiwa. Nilivyojibu bila kutetereka akaamini tatizo ni lake peke yake, akaandika jibu langu ili alitumie Alhamisi.

Nikamweleza kuhusu Madagaska. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Tukaenda kwao Kinondoni. Dawa ilikuwa mstari mmoja. Mmoja! Kompyuta ikafanya kazi, sie tukala chipsi mayai, na kabla sahani hazijatolewa Yemen ilikuwa imerudi Uarabuni. Kavu! Inazidi kukauka! Sijawahi kuufurahia ukame kiasi hiki. Namibia inapanda na kushuka, mstari haujui uelekee wapi. Botswana ya Misbah ikapata mvua, naye akaibusu skrini. Tukaandika mahitimisho upya.

Alhamisi, 15 Mei

Tumepita! Sote wawili! Hakuna aliyegusa Januari. Daktari Genoveva kasema homa yangu iliniongezea akili. Moyo umetua, nimelala mchana kama mtoto.

Bibi nimemwambia Yemen bado kavu. Nilitegemea kilio. Akashusha pumzi ndefu. Akasema afadhali, tangu juzi hana usingizi, anamlaumu marehemu. Kumbe baba hakukosea njia.

Jumamosi, 17 Mei

Marekebisho madogo: watahini wanataka aya moja juu ya nchi ya tatu yenye ukame. Nimechagua Australia. Faili jipya, programu ile ile ya zamani. Iliyorekebishwa iko kwenye kompyuta ya Misbah, na nikimwomba atajiona. Hakukuwa na haja. Nimemaliza kabla ya chai, grafu safi kabisa.

Ajabu kidogo tu: mwezi Julai udongo wa Australia unalowa kama jaruba la mpunga. Ramani sijaifungua. Nimeandika ni mabadiliko ya tabianchi.